Barua ya wazi kutoka Dodoma: Tuandikieni njia ya kutoka Biolojia hadi hospitalini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na wakuu wote wa vyuo vinavyofundisha shahada za Biolojia.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima nikiwa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Ofisi za wizara ziko Mtumba, daladala mbili kutoka ninapokaa, na ningeweza kuileta barua hii kwa mkono. Nimeiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe, njia ya mhitimu wa Biolojia kuingia kazi za afya, si langu peke yangu.

Nianze na mahindi, maana ndiyo yaliyonifanya nitake kusoma.

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha kwanza wilayani Chemba. Baada ya mavuno watu wakaanza kuugua ugonjwa ambao hata wazee hawakuwa na jina lake. Tumbo linauma, mtu anatapika, macho yanakuwa ya njano, kisha tumbo linajaa maji. Ugonjwa uliingia nyumba hii ukairuka ile, kwa hiyo hazikupita siku nyingi maneno ya kurogwa yakaanza. Wataalamu walipofika walichukua damu za wagonjwa na, jambo lililotushangaza, wakachukua na mahindi ghalani. Ndipo kwa mara ya kwanza tuliposikia neno sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Hesabu iliyotolewa baadaye kwa mikoa ya Dodoma na Manyara ilikuwa wagonjwa 68, na kati yao 20 walifariki.

Mama alisita kumwaga mahindi yake. Yalikuwa magunia matatu, chakula chetu cha hadi Februari, na kwa macho yalikuwa mahindi mazuri tu. Namkumbuka dada mmoja aliyevaa koti jeupe na glovu, akichota mahindi kwa kikombe, akiyatia kwenye mfuko na kuandika tarehe juu yake kwa kalamu nene. Hakubishana na mama. Alimweleza taratibu kwamba sumu ile haionekani, na kwamba ugali hata ukisongwa ukaiva vipi, sumu haiondoki. Nikasema moyoni, nitakuwa daktari kama huyu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba yule dada huenda hakuwa daktari kabisa. Huenda alikuwa mtaalamu wa maabara, au wa usalama wa chakula, au mtafiti. Shuleni kwetu hakuna aliyewahi kutuambia kwamba afya ya Watanzania inashikwa na mikono mingi, na kwamba kila mkono una shule yake, baraza lake na leseni yake. Sisi tulijua daktari na nesi, basi.

Nikasoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwaka 2022 matokeo ya kidato cha sita yalitukuta kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora, tukiwa tumetoka shambani. Nilikuwa na B ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, yaani Daraja la Kwanza kwa pointi 9. Mwongozo wa udahili wa TCU unamtaka anayeomba udaktari awe amefaulu masomo hayo matatu kwa jumla isiyopungua pointi 6, kwa hiyo sifa nilikuwa nazo. Ila sifa ni kitu kimoja na nafasi ni kingine. Viti vya MD, yaani shahada ya udaktari, ni vichache na waliokaa mbele yangu walikuwa na A tupu, wengine A mbili na B. Sina kinyongo nao, walistahili. Katika machaguo yangu nilitanguliza udaktari, nikafuatisha uuguzi, kisha Biolojia. Jina langu likatoka Biolojia.

Kukosa hakukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni siku ya usajili, pale nilipomuuliza mtumishi mmoja wa chuo kama shahada hii itanifikisha udaktari. Alinijibu huku akiendelea kugonga mihuri: "Wewe soma, mwaka wa pili utahamia huko." Nikamwamini. Nikampigia baba simu jioni ile ile, naye akauza mbuzi wawili ili nipate godoro na koti la maabara kabla bumu, yaani fedha za mkopo wa kujikimu, halijatoka. Mwaka wa pili ukafika, na uhamisho wa namna hiyo haupo. Kuhama kozi hufanyika mwanzoni kabisa mwa masomo, kwa mwenye sifa za kozi anayoitaka, na pale tu nafasi inapokuwapo. Siku moja tulikaa tisa kwenye meza moja kantini tukaanza kusimuliana, tukakuta sita kati yetu tuliingia na ahadi hiyo hiyo, kila mmoja kapewa na mtu wake.

Msidhani naidharau Biolojia. Mwaka wa pili, kwenye somo la kuvu, mhadhiri aliandika ubaoni Aspergillus flavus, nikahisi mwili mzima unasisimka. Ni kuvu ya rangi ya kijani inayopenda mahindi na karanga zilizopata shida ya ukame shambani, kisha zikaanikwa chini na kuwekwa ghalani zikiwa bado na unyevu. Sumu yake iliyo kali kuliko zote huitwa aflatoksini B1. Ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini lenyewe, katika kujaribu kuisafisha, huigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, ini hufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, anajiandalia saratani. Ini likishindwa, rangi ya njano inayotokana na chembe za damu zilizochakaa haina pa kutokea, hujaa mwilini na kuonekana machoni. Nililala alfajiri siku ile. Nilikuwa nimeelewa yale macho ya 2016, na nimeelewa kwa nini ugonjwa uliruka nyumba: kila kaya ilikuwa na ghala lake. Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani nikanunua turubai, nikaanika mahindi na mama, na tangu hapo hayajagusa ardhi.

Tulisoma jenetiki, mikrobiolojia, vimelea, bayokemia, fiziolojia, wadudu waenezao magonjwa. Anayefungua ratiba ya miaka ya mwanzo ya MD atakuta mengi ya majina hayo hayo, pamoja na anatomia ya binadamu ambayo sisi hatuipati. Sisi tulipasua panya na chura. Tofauti hiyo ni kubwa, na siandiki barua hii kuificha.

Sasa tazameni kinachofanyika katika jiji letu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na mwaka 2023 ikaanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Selimundu inatokana na badiliko la herufi moja tu ya vinasaba katika jeni ya hemoglobini. Kabla mtoto hajapewa uloto wa ndugu yake, lazima mtu akae maabara alinganishe alama za kinga za hao wawili, na kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja uwezekano wa kulingana kikamilifu ni 1 kati ya 4. Hiyo robo ndiyo hesabu ya urithi tuliyoifanya mwaka wa kwanza kwa njegere. Nilipoisikia habari ya watoto wale redioni nilifurahi hadi machozi, kisha nikanyamaza, kwa sababu katika miaka mitatu ya Biolojia sikuwahi kuingia maabara ya hospitali yoyote kwa ajili ya masomo. Fildi yangu, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki nane niliimalizia kwenye ofisi moja nikipanga majalada. Maabara za afya nilizoandikia zote zilijibu kwamba nafasi ni za wanafunzi wa afya.

Kijijini nao wananiita daktari, tangu wiki ya kwanza ya chuo. Nilijaribu kuwaeleza, nikaonekana najishusha. Desemba iliyopita, saa sita usiku, jirani alikuja amembeba mtoto anachemka. Mimi naweza kumchorea hatua zote za vimelea vya malaria, tangu vinapotoka kwenye mate ya mbu, vinavyojificha kwenye ini, hadi vinavyopasua chembe nyekundu za damu na kuleta ile homa. Siruhusiwi kumtoboa kidole mtoto huyo, na ni haki nisiruhusiwe. Nilichoweza ni kutafuta bodaboda na kumshikia mtoto hadi zahanati. Tabibu wa zamu alipima, akatoa dawa, mtoto akapona. Baba aliniuliza njiani tukirudi, kwa upole, sikuwahi kumsikia akiuliza kwa upole namna ile: "Sasa wewe mwanangu, umesomea nini hasa?"

Nilipohitimu mwaka 2025 nikaanza kutafuta jibu la swali hilo. Ofisi ya kwanza iliniambia nikasome stashahada ya utabibu, nikimaliza ndipo niombe MD. Ya pili ikasema niombe kwa cheti cha kidato cha sita, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo. Ya tatu ilipokea nakala ya matokeo yangu, ikaniambia nisubiri, na baada ya mwezi na nusu nikaelezwa kwa simu kwamba utaratibu wa watu kama mimi hauko wazi. Sizitaji ofisi hizo. Waliokaa dirishani walinijibu kwa kadiri walivyojua, kila mmoja kivyake, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kunisomea.

Hebu tupige hesabu ya ushauri wa kwanza. Biolojia miaka 3 nimeshaimaliza. Stashahada miaka 3, MD miaka 5, utarajali mwaka 1. Jumla 12, na katika hiyo nitafundishwa mikrobiolojia mara tatu. Mwenye stashahada ya utabibu amefunguliwa mlango wa kuingia MD, nami naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu yeye ameshalala zamu, ameshazalisha, ameshamwona mgonjwa akikata roho mbele yake. Ninachouliza ni mlango wa huyu mwingine, aliyekaa miaka mitatu na seli na vimelea, umeandikwa wapi.

Wenzetu wameuandika. Marekani karibu kila anayeingia shule ya udaktari anatoka na shahada ya kwanza, na wengi huchagua Biolojia. Husoma miaka 4, hufanya mtihani uitwao MCAT, kisha udaktari miaka mingine 4. Mwanafunzi wa Biolojia kule anayetaka udaktari anajua tangu mwanzo masomo atakayodaiwa: biolojia, kemia, kemia ogania, fizikia, bayokemia. Asipofaulu, amejua alichoshindwa. Sisi tumerithi utaratibu wa Uingereza wa kwenda udaktari moja kwa moja kutoka sekondari, na sisemi tuuache. Nchi yenye uhaba wa madaktari haiwezi kumtaka kila kijana apitie shahada mbili. Lakini hao Waingereza wenyewe wameongeza mlango wa wenye shahada, kozi ya miaka 4. Na kama Uingereza ni mbali, Chuo Kikuu cha Ghana kina programu ya udaktari ya waliokwisha kupata shahada ya kwanza, na Ghana ni Afrika hii hii, yenye malaria na selimundu kama sisi.

Ombi langu la kwanza halihitaji bajeti. Mwongozo wa udahili wa TCU hutoka kila mwaka, na mbele ya kila programu huandikwa sifa za kuingia, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Ongezeni mistari miwili mbele ya Biolojia na shahada zote za jamii hiyo. Iseme wazi kwamba shahada hii peke yake haimfanyi mtu asajiliwe na Baraza la Madaktari, wala la Uuguzi na Ukunga, wala la Wataalamu wa Maabara za Afya. Kisha iseme inaelekea wapi. Mtoto wa miaka 19 aliye JKT, anayejaza maombi kwa simu ya kuazima huku chaji imebaki kidogo, asome mistari hiyo kabla hajabonyeza. Na watumishi wa usajili wapewe maandishi hayo hayo, ili asitokee tena wa kumwambia mtu "utahamia huko".

La pili ndilo zito, na ndilo ninalowaomba mlikalie pamoja, Elimu na Afya. Tengenezeni njia rasmi ya mwenye shahada ya Biolojia kuingia masomo ya udaktari, uuguzi au maabara za afya. Siombi tupunguziwe kipimo. Mgonjwa wa Kongwa au Manyoni hana haja ya daktari aliyeingia kwa huruma. Tupeni mtihani, uwe mgumu kadiri mnavyotaka: fizikia yetu ipimwe, kemia ipimwe, bayokemia na fiziolojia zipimwe. Atakayefaulu asamehewe yale aliyokwisha kuyasoma na kuyafaulu, asomeshwe anatomia na patholojia na kazi ya wodini bila kupunguziwa hata saa moja. Atakayeshindwa arudi nyumbani akijua ameshindwa mtihani. Kwa maabara za afya naamini njia ingekuwa fupi zaidi. Nimeotesha bakteria kwenye agari, nimepaka rangi ya Gram, nimetumia mashine ya PCR. Nilichokikosa ni damu na mkojo wa mgonjwa halisi, namna ya kuandika majibu ambayo daktari atayategemea, na maadili ya kazi hiyo. Kujaza pengo hilo kunaweza kuhitaji mwaka, pengine miwili, chini ya uangalizi wa baraza. Ninyi ndio mnaojua muda sahihi. Upangeni, muuandike.

Na fildi. Vyuo vya Dodoma viko jirani na hospitali kubwa, na wilaya zetu zina magonjwa yanayomhitaji mwanabiolojia. Kongwa imefahamika na watafiti wa trakoma kwa miongo mingi, ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria na kubebwa na nzi kwenye nyuso za watoto. Wafugaji wetu wanaishi na hatari ya bruselosi kwa kunywa maziwa mabichi. Sumukuvu haijaondoka, inasubiri mwaka mwingine wa mvua mbaya. Mwanafunzi wa Biolojia akikaa wiki nane kwenye maabara ya wilaya, akibeba sampuli na kuosha slaidi tu, ataondoka akijua kama kazi ya afya inamfaa au haimfai. Wapo watakaogundua kwamba hawawezi kustahimili harufu ya wodi. Ni heri waligundue hilo mapema.

Kuhusu mikopo sitasema mengi. Mkishaiandika njia, Bodi ya Mikopo iambiwe kwamba anayerudi darasani kwa njia hiyo anajenga juu ya alichokwisha kukisoma, hivyo asihukumiwe kama mtu aliyekwisha kunufaika.

Najua wapo watakaosoma barua hii na kusema, kwani lazima wote muwe madaktari? Si lazima. Ipo shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii inayoendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Ipo kazi ya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Upo udhibiti wa mbu, upo usalama wa chakula, kazi ya yule dada wa 2016. Hizi ni kazi za afya, tena kubwa. Ila mimi habari ya Ifakara na Arusha nilisimuliwa na abiria niliyekaa naye kwenye basi nikiwa nimeshahitimu. Miaka mitatu mihadharani, na njia yangu nikaijulia Babati tukisubiri basi lijaze mafuta. Kama ningeisikia mwaka wa kwanza ningechagua masomo mengine ya hiari, ningejifunza takwimu kwa bidii zaidi, na baba ningekuwa na cha kumjibu.

Kwa sasa najitolea kufundisha Biolojia na Kemia katika sekondari moja yenye kidato cha tano na sita. Nina wanafunzi 31 wa PCB. Niliwapa karatasi waandike wanataka kuwa nani, 27 wameandika daktari. Wawili wameandika nesi, mmoja mfamasia, na mmoja, binti mpole anayekaa nyuma, ameandika "yule anayepima". Nimeihifadhi karatasi yake.

Matokeo yao yatatoka Julai, na dirisha la udahili litafunguliwa mara baada ya hapo. Wengi wao hawatapata MD, na baadhi watapangiwa Biolojia kama nilivyopangiwa mimi. Wataniletea simu zao wakiniuliza wathibitishe au wasithibitishe. Naomba majibu yenu yafike kabla ya siku hiyo, hata yakiwa ya ukurasa mmoja, hata yakisema kwamba njia bado haipo na itakuwa tayari mwaka fulani. Nitayabandika kwenye ubao wa matangazo nje ya maabara, na yule binti nitampa nakala yake mkononi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa Shahada ya Sayansi katika Biolojia, 2025
Nkuhungu, Dodoma